Injini ilizimika juu ya Tongoni: ndege ya kujiundia, nyigu na maji ya bamvua (uzi mrefu)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Ngamiani hapa Tanga. Humu huwa nasoma tu na kupita. Lakini juzi kwenye uzi wa ajali mdau mmoja kaandika kwamba injini ikizimika angani "ndege inadondoka kama nazi", na watu wakampigia makofi. Mimi imenizimikia nikiwa ndani. Haikudondoka kama nazi. Ilishuka kama kunguru mzee anayetafuta pa kutua, dakika mbili kasoro, na kama hujawahi kukaa kwenye dakika mbili za namna hiyo hujui zilivyo ndefu.

Kisa kirefu. Mwenye haraka apite, hapa Tanga waja leo waondoka leo.

Kuna mzee wangu mmoja, mstaafu wa meli, jina simtaji maana naye anasoma humu. Ujana wake alijifunza urubani huko alikokuwa akifanya kazi. Alipostaafu, wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye akaagiza ndege. Ilikuja ndani ya makreti: mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, michoro, na maelfu ya ribiti. Alinifuata mimi kwa sababu mkono wangu kwenye bati anaujua. Tulipiga ribiti uani kwake miaka mitatu. Watoto wa mtaa wakaipa jina "jeneza la Babu". Viti viwili, bawa juu, tairi tatu, tanki moja la lita 60 nyuma ya viti.

Injini ni Rotax 912, ile ya farasi 80. Silinda nne, kabureta mbili, na kila silinda ina plagi mbili zinazopata moto kutoka mifumo miwili tofauti, kwamba mmoja ukifa mwingine unaendelea. Inakunywa petroli ya kawaida, lita kama 15 kwa saa kwenye mwendo wa safari. Kwa fundi wa gereji ni kitu cha kuheshimu. Hata leo siisemi vibaya, na mtaona kwa nini.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa sita, kusi (upepo wa kutoka kusini) linapiga vizuri, noti 15 hivi (noti ni maili ya bahari kwa saa). Tuliondoka Tanga asubuhi, tukafuata pwani hadi mdomo wa mto Pangani, tukazunguka mara moja juu ya mji, tukageuza. Futi 1,500. Kulia bahari, kushoto mkonge umejipanga mistari kama daftari la mtoto, na mbele kabisa, kwenye ukungu mwepesi, Tanga. Bahari ilikuwa imekupwa vibaya sana. Ilikuwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, na pwani yetu siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne, saa nne na nusu asubuhi. Miamba yote nje, kina mama wako mbali kabisa wanachokoa pweza.

Tumeipita Kigombe, tunaikaribia Tongoni, nikasikia injini inameza mate.

Sijui niieleze vipi. Haikukohoa. Iliteleza, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Mizunguko ikashuka kutoka 5,000 hadi 4,300, ikarudi, ikashuka tena. Nikaangalia geji ya presha ya petroli: sindano iko chini ya bar 0.15, na hapo ndipo mwisho wake, chini ya hapo hairuhusiwi. Mzee akawasha pampu ya umeme. Injini ikapata uhai, sekunde kumi, labda kumi na tano. Nikasema alhamdulillahi. Halafu ikafa. Pangaboi likasimama mbele ya kioo, bapa moja juu kama kidole.

Kimya. Upepo tu kwenye mabati.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, fundi mwenye miaka ishirini kwenye vyuma. Nilinyoosha mkono kuelekea Tanga nikapiga kelele, "Mzee, uwanja ule kule! Twende uwanjani!" Uwanja ulikuwa kilomita zaidi ya kumi na tano. Ndege yetu bila injini, kwa kila futi moja inayoshuka inakwenda mbele kama nane. Pigeni hesabu: futi 1,500 mara nane ni futi 12,000, hizo ni kilomita tatu na nusu na ushee. Hata kusi litusukume mgongoni, tungeishia kwenye mikoko ya Tongoni, ndani ya tope. Hesabu hiyo nilikuwa naijua, nimeipiga mwenyewe uani kwake. Mkono ulikuwa umenyooka vilevile.

Mzee alishusha pua kwanza. Pua chini, kasi noti 60, akaishikilia hapo. Kisha akalaza bawa akaupa mji kisogo. Aligeuka kurudi kusini, tulikotoka, kwenye mchanga wa Kigombe tuliouacha nyuma kama kilomita moja. Akasema, kwa sauti ileile ya kuagiza kahawa:

"Mji tumeuaga, mwanangu. Funga mkanda, na mlango wako ufungue kitasa."

Naomba niswali, nitarudi.

*

Ngamiani Baiskeli:
Ndio nini sasa hiki mkuu? Unatuacha hewani, wewe umeshashuka!

Dada wa Chumbageni:
Nimekaa mkeka wa mbele kabisa. Ila kitasa afungue cha nini? Si watatoka nje?

Kapteni Mstaafu:
Dada, mlango hufunguliwa kitasa kabla ya kugusa ardhi kwa sababu bodi ikijikunja, mlango uliofungwa hubana na hautoki tena. Mlango mdogo wa ndege kama hiyo hauruki wenyewe, upepo unaubana.
Mtoa mada, mimi nakisia kabureta ilishika barafu. Pwani, unyevu, dalili zenyewe za kuteleza taratibu. Ndiyo hiyo.

Ngamiani Baiskeli:
Barafu Tanga??? Hata dukani kwa jirani maji ya baridi hayapatikani.

Kapteni Mstaafu:
Cheka tu. Petroli ikigeuka mvuke inavuta joto, na hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta inapoa zaidi. Vyote viwili vinaweza kushusha joto nyuzi 20 na zaidi. Hewa yako ya nyuzi 28 yenye unyevu wa kusi inafika pale ikiwa karibu na kuganda, na unyevu wake unashika kwenye kipepeo cha kabureta. Hatari zaidi ni wakati wa kushuka, mafuta yamepunguzwa. Ubaya wake ukishatua injini ina joto, barafu inayeyuka, unafungua kabureta hukuti kitu. Mwizi anayeondoka na nyayo zake.

*

Nimerudi. Kapteni, shikamoo. Barafu tuliifikiria, lakini hatukuwa tunashuka, injini ilikuwa kwenye mwendo wa safari, na geji ya petroli ilikuwa imeshasema. Petroli ilikuwa haifiki. Subira.

Turudi juu. Akishageuka, Mzee kazi yake ilikuwa mbili tu: kuchagua mstari na kulinda kasi. Kila sekunde chache alitupa jicho kwenye geji ya kasi, akarudisha nje. Nilitaka avute fimbo. Mwili mzima unataka avute, ardhi inapanda, unaona kabisa ukivuta kidogo utafika mbali zaidi. Hufiki. Ukivuta, kasi inakufa, bawa linaishiwa upepo, na hapo ndipo nazi ya yule mdau inapopatikana. Ndege haiui kwa kukosa injini, inaua kwa kukosa kasi.

Kwa nini kusini? Kwanza kulikuwa na mchanga. Pili, kusi. Ndege yetu inagusa ardhi kwenye noti 40. Ukitua unalikabili kusi la noti 15, ardhi unaikuta kwa noti 25. Ukitua limekusukuma mgongoni, unaikuta kwa 55. Na nguvu ya kugonga haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa mraba, kasi mara kasi: hapo tofauti ni karibu mara tano. Ndege ileile, mchanga uleule, mtu yuleyule. Wavuvi hili hawafundishwi darasani, ngalawa inayoingia ufukweni na upepo mgongoni wanaijua.

Na mchanga si mmoja. Ule mkavu wa juu, karibu na minazi, ni laini, tairi la mbele linazama na ndege inapiga samasoti. Ule wa chini kabisa una maji na mawe. Mzuri ni ukanda wa katikati, uliolowa na kukauka nusu, ambao watoto huchezea mpira. Bamvua lilitupa ukanda mpana kama barabara mbili. Ingekuwa alasiri, pale pote ni maji.

Mzee akanitaja kazi zangu: funga koki ya petroli. Zima swichi, moja, mbili. Akateremsha mabawa madogo ya breki, kisha akazima umeme wote. Mbele ya mstari wetu nikaona kina mama watatu na ndoo. Walitutazama, na kwa kuwa hatukuwa na mlio, nadhani waliona kivuli kabla ya ndege. Wawili wakakimbilia minazini. Wa tatu alikimbilia baharini, na ndoo yake hakuitupa.

Tuligusa kwa tairi za nyuma. Mzee akavuta fimbo yote tumboni, pua ikabaki juu, juu, juu, hatimaye ikalala yenyewe. Tukapita kwenye mfereji mdogo wa maji yanayorudi baharini, tairi la mbele likaingia, mguu wake ukapinda, ndege ikainama kama ng'ombe anayekunywa maji. Ikatulia. Hatua kama sitini tangu tuguse. Nilikuwa nimeuma ulimi. Hilo ndilo jeraha pekee.

Mzee akakaa kidogo, akasema, "Sasa tuna saa tano." Sikuelewa. Akaonyesha bahari.

*

Dada wa Chumbageni:
Yule mama na ndoo yake yenye pweza nimempenda bure.

Mtu wa Pangani:
Saa tano za maji kujaa. Bamvua la mwezi wa sita si la mchezo, tofauti ya maji kupwa na kujaa inapita mita tatu. Pale waliposimama ingekuwa kina cha kuogelea.

*

Umesema. Injini tumeikosa, mifupa tumeipata, ndege inakwenda kuliwa na chumvi. Tairi la mbele haliendi, na pale mchanga unapanda mteremko.

Kufumba na kufumbua watu wakajaa. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu, vijana, watoto, mzee mmoja na fimbo akiuliza kama tuna kibali cha kutua. (Taarifa kwa wanaohusika ilitolewa siku ileile, tuliulizwa maswali mengi na ya haki, sitaingia huko.) Wavuvi hawakuona ndege, waliona mashua. Wakaleta magogo ya minazi wanayovutia mashua nchi kavu, wakayapanga, vijana wakainyanyua pua mabegani, na kiongozi akaanza kuimba. Ndege tupu ni kilo 300 hivi. Mashua zao ni nzito kuliko hapo. Walichoniuliza tu ni wapi pa kushika, na hapo ndipo nilipofaa kitu siku ile, kwa sababu ukilishika bati pasipo na mbavu linabonyea kama debe.

Kwenye vurugu hizo nikapoteza kiatu cha kushoto. Tope lilikinyonya, na nilikuwa nimebeba bawa, singeweza kuinama.

Saa kumi alasiri tumekaa chini ya minazi, madafu mkononi, tunaangalia maji yakipita juu ya alama za tairi zetu.

*

Ngamiani Baiskeli:
Wavuvi wa nchi hii wapewe maua yao. Bukoba 2022 ile ndege ya abiria ilipoingia ziwani, wavuvi ndio waliofika mwanzo. Watu 43 ndani, 24 walitoka hai.

Kapteni Mstaafu:
Sasa tupe chanzo. Petroli haifiki kwa sababu gani? Maji? Uchafu kwenye chujio? Mvuke kwenye mipira kwa joto la injini?

*

Chanzo. Hapa ndipo nilipoandikia uzi wote huu, na hapa ndipo pananiuma.

Kabla ya magogo, tukiwa bado pale kwenye mfereji, nilikwenda kufungua kifuniko cha tanki nipime petroli. Nilipokizungusha kikalia: fyuuuuu. Hewa inaingia ndani. Muda mrefu, kama tairi linalopumua, ila kinyume. Nikachungulia, petroli ipo, zaidi ya lita ishirini. Nikajua hapohapo, miguu ikaniisha nguvu kuliko nilipokuwa angani.

Tanki lazima livute pumzi. Kila tone linalotoka, hewa iingie badala yake. Chukua chupa ya maji, weka mdomo, nyonya bila kuachia: inabonyea, halafu maji hayaji tena. Ndivyo. Sisi kifuniko chetu hakina tundu, pumzi yote inapita kwenye kijibomba kimoja cha alumini, unene wa kalamu. Nikalala chali mchangani chini ya tumbo la ndege nikakitazama. Mdomo umezibwa kwa udongo, laini, umesakafiwa vizuri kuliko ukuta wangu. Nikauchokoa kwa kijiti: ndani buu mmoja mweupe, na buibui wadogo saba waliolala kama wamekufa. Nyigu. Wale weusi wa kiuno chembamba wanaojenga kwa udongo. Anamchoma buibui anapooza, anampanga ndani kama akiba, anataga, anaziba.

Ndege ilikuwa imekaa siku tisa bila kuruka. Na asubuhi ile, wakuu, nilifagia vichuguu viwili vya nyigu walewale ukutani, hatua tano kutoka ilipoegeshwa. Nilifagia kwa sababu ni uchafu. Sikuwaza jingine.

Bado sijafika kwenye kiini. Mchoro wa mtengenezaji ulionyesha kijibomba kile kitokee juu, mbele ya kioo, machoni pa rubani, mdomo umekabili upepo. Mimi ndiye niliyekihamishia chini ya tumbo, nyuma, kivulini. Kwa nini? Kilikuwa kinaharibu sura. Mzee aliuliza, nikamwambia "hewa ni hewa, Mzee, itaingia popote". Akanikubalia kwa sababu mimi ni fundi.

Mtakumbuka kifo cha mwanamuziki John Denver, tarehe 12 Oktoba 1997 kule Monterey, California. Alikuwa peke yake kwenye Long-EZ, ndege ya kujiundia iliyobuniwa na Burt Rutan. Mchoro wa Rutan uliweka koki ya kubadilishia matanki mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ili kuifikia ilibidi kuachia fimbo na kujipinda, na wachunguzi waliona kwamba wakati wa kujipinda huenda aligandamiza usukani wa miguu bila kukusudia. Yule muundaji hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu zake. Na mimi nilikuwa nazo.

*

Kapteni Mstaafu:
Fundi, pole. Na kuhusu nyigu si wewe tu. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini ikitokea Puerto Plata, watu 189. Kijibomba cha kupimia kasi kilikuwa kimeziba, na walioshukiwa ni nyigu hao wa udongo. Ndege ilikuwa imekaa bila vifuniko.
Swali: kwa nini haikuzimika mapema? Mliruka zaidi ya nusu saa.

*

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloninyima usingizi. Tuliondoka na nusu tanki. Nusu tanki maana yake lita 30 za hewa juu ya petroli. Tumetumia lita nane hivi, hewa ikatanuka kujaza nafasi, presha ikashuka kama sehemu moja ya tano, pampu ikashindwa kuvuta. Ndiyo nusu saa yetu. Sasa fikiria tungejaza tanki, hewa ikawa lita moja tu juu pale: lita moja ya kwanza kutumika ingeshusha presha hadi nusu. Ni dakika chache. Ingezimika tunapasha injini chini, ama, kama bahati ingekuwa mbaya, tumeshainuka tuko juu ya mapaa ya watu. Asubuhi ile nilitaka kujaza. Mzee akakataa, mzigo wa bure.

Kapteni Mstaafu:
Na hapo nichomekee, vijana wasije wakaelewa vibaya habari ya kugeuka. Mzee aligeuka akiwa na futi 1,500. Injini ikizimika futi 300 baada ya kuruka, hugeuki kurudi uwanjani. Unatua mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo, hata kama ni mkonge. Ukilaza bawa nyuzi 45, kasi ya chini inayolifanya bawa lisiishiwe upepo inapanda asilimia 19, na wewe kasi huna. Wengi wamezikwa kwa sababu ya uwanja waliokuwa wanauona.

Dada wa Chumbageni:
Ndege iko wapi sasa? Na Mzee bado anakuongelesha?

*

Tuling'oa mabawa, tukaipandisha kwenye Fuso, tukaiosha kwa maji baridi siku tatu mfululizo kwa ajili ya chumvi. Mguu wa mbele mpya, petroli yote ikamwagwa, mipira mipya. Kijibomba nimekirudisha mahali pa mchoro, mbele ya kioo, na mdomo wake una wavu mdogo wa shaba. Ni kibaya kukitazama. Kingine kifupi nimeongeza kwenye kifuniko, ili pumzi iwe na njia mbili kama cheche zilivyo na njia mbili. Kila ikiegeshwa matundu yote yanavaa soksi nyekundu zenye mikia mirefu, na kabla ya kuruka Mzee hunipa mpira niupulize nisikie mapovu ndani ya tanki. Hasemi neno. Ananipa mpira tu.

Kunisema alinisema mara moja, kule Kigombe, tukinywa madafu. "Fundi, siku nyingine hewa ikitaka kupita mahali, iulize aliyechora." Akacheka, akaniuliza kiatu kimekwenda wapi.

Mtu wa Pangani:
Mkuu, kiatu ni cheusi, cha kamba, soli ya tairi, kisigino kimelika upande?

Ndicho. Umejuaje?

Mtu wa Pangani:
Shemeji yangu yuko Kigombe. Kimetundikwa kwenye mnazi pale mlipovutia ndege. Watoto siku hizi wanapaita Uwanja wa Kiatu. Njoo na cha kulia uwaletee pea kamili.